Motokaa Inayotetemeka Asubuhi: Namna ya Kulitafuta Kosa

Katika nchi ya milimani ya Kenya, kama vile Limuru, Kinangop, Nyahururu na Molo, miezi ya Juni, Julai na Agosti huja na baridi kali na ukungu mzito. Wakati huo wenye motokaa za zamani hupata taabu iliyo moja. Mtu huamka alfajiri, akaliwasha gari lake, na injini ikaitika; lakini badala ya kunguruma kwa utulivu, hutetemeka, hukohoa, hupanda na kushuka, na mara nyingine huzimika kabla gari halijaondoka uani. Baada ya dakika kumi taabu hiyo hutoweka, na gari huenda siku nzima kana kwamba halina neno. Kesho yake mambo huwa yale yale.

Kwa kuwa ugonjwa huu hujificha mchana, watu wengi huutibu kwa kubahatisha. Mwenye pikapu ya kubebea kabichi huambiwa na jirani kwamba ni plagi. Hununua plagi mpya. Wiki ya pili huambiwa ni betri, hununua betri. Wiki ya tatu huambiwa ni kabureta, naye huuza mbuzi ili apate kabureta. Fedha huondoka, kutetemeka hubaki, na siku gari lilipozimika njiani kabichi zilifika sokoni wanunuzi wamekwisha kwenda zao. Mwishowe huonekana kwamba kosa lilikuwa ni mpira mmoja uliopasuka, ambao bei yake haifiki hata bei ya plagi moja. Mambo hayo hayana lazima ya kutokea. Kosa la asubuhi lina dalili zake, na mtu akizifuata kwa taratibu, kuanzia lililo rahisi hata lililo gumu, aghalabu hulipata kabla ya kutoa fedha nyingi.

KWA NINI BARIDI HUISUMBUA INJINI

Yafaa kwanza kujua kwamba petroli haiwaki ikiwa maji maji. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kwa kawaida sehemu 1 ya petroli yataka kiasi cha sehemu 15 za hewa, zikipimwa kwa uzito. Injini ikiwa na joto, petroli hugeuka mvuke upesi na mchanganyiko huo hufika katika kila silinda kama upasavyo. Lakini injini ikiwa baridi, petroli nyingi hushikamana na kuta za bomba la kuingizia hewa, kama umande juu ya bati, na kinachofika ndani ya silinda ni hewa nyingi na petroli kidogo. Mchanganyiko mwembamba hivyo huwaka kwa shida, au hauwaki kabisa.

Ndiyo maana watengenezaji wa magari ya zamani walitia choki. Choki ni kifuniko kidogo katika mdomo wa kabureta. Kikifungwa, hewa hupungua na petroli huzidi, ili mvuke uliopungua kwa sababu ya baridi upate kutosha. Injini ikipata joto, choki hufunguliwa.

Kutokana na hayo twaweza kulitambua jambo kubwa. Injini baridi haina akiba. Ufa mdogo unaoingiza hewa, plagi iliyochakaa kidogo, au tone la maji ndani ya silinda, mambo hayo injini yenye joto huyavumilia, lakini injini baridi haiyavumilii. Kwa hiyo asubuhi si saa ya kulipigia gari mafuta kwa nguvu mpaka litulie. Asubuhi ndiyo saa ya kulikamata kosa.

GARI LILALE KWANZA

Makosa mengi hufanyika kwa sababu gari hupelekwa kwa fundi saa sita mchana, injini ikiwa moto. Fundi husikiliza, haoni kitu, naye hukisia. Inafaa gari lilale usiku kucha mahali pa fundi, liwashwe asubuhi mbele yake. Au, kama haiwezekani, mwenye gari ajitazamie mwenyewe na kuandika katika karatasi. Na aandike mambo matano: injini iliitika upesi au baada ya stata kuzunguka muda mrefu, mtetemeko ulikuwa wa namna gani, moshi ulikuwa wa rangi gani, choki ilipovutwa au kurudishwa palikuwa na mabadiliko gani, na taabu ilikwisha baada ya dakika ngapi. Karatasi hiyo humsaidia fundi kuliko maneno mengi.

MLIO NA MOSHI

Mtu asimame nyuma ya gari, mbali kidogo, na kusikiliza bomba la moshi. Mitetemeko ni ya namna mbili. Ya kwanza ina mapigo yenye pengo linalorudi kwa kipimo kile kile, kama mtu achechemeaye. Hiyo ni dalili kwamba silinda moja haifanyi kazi yake. Ya pili haina kipimo: injini hupanda, hushuka, hutaka kuzimika, kisha hupanda tena. Hiyo aghalabu ni dalili ya mchanganyiko mbaya wa petroli na hewa katika silinda zote.

Moshi nao husema. Mvuke mweupe na mwepesi asubuhi ya baridi, unaopotea mara injini ipatapo joto, si kosa. Ni unyevu tu. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Moshi wa rangi ya samawati unaotoka kwa ghafula gari linapowashwa, kisha ukapungua, ni oili iliyoteremka usiku kupitia mipira ya valvu iliyochakaa. Moshi mweupe mzito, usiokoma upesi, pamoja na maji kupungua katika rejeta, ni dalili ya hatari ambayo itaelezwa hapa chini.

CHOKI NDIYO JARIBIO LA KWANZA

Chukua mfano wa Peugeot 504, gari lililojulikana sana katika Kenya, lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na mwaka 1978, na ambalo kwa miaka mingi liliunganishwa Mombasa. Nyingi za pikapu zake zina injini ya silinda nne, kabureta, na choki ya kuvuta kwa mkono. Jaribio lake la kwanza halihitaji hata spana.

Boneti ifunguliwe injini ikiwa baridi na imezimwa, na kifuniko cha kichujio cha hewa kiondolewe. Mtu mmoja avute choki, na wa pili atazame mdomo wa kabureta. Kifuniko hakina budi kufunga sawasawa, na choki ikirudishwa hakina budi kufunguka kabisa. Mara nyingi huonekana kwamba waya umelegea au umepata kutu, na kifuniko hufika nusu ya njia tu. Hapo kosa limepatikana, na dawa yake ni kukaza skrubu moja na kutia tone la oili.

Kama choki ni nzima, injini iwashwe. Ikitetemeka, choki ivutwe zaidi kidogo. Injini ikitulia, maana yake ilikuwa na njaa ya petroli: ama hewa yaingia mahali isipotakiwa, ama kitundu kidogo cha petroli ndani ya kabureta kimeziba kwa uchafu. Injini ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, maana yake petroli imezidi tayari: ama choki haifunguki, ama kichujio cha hewa kimejaa vumbi, ama petroli yafurika ndani ya kabureta. Jaribio hili dogo huigawa kazi mafungu mawili, na humwokoa mtu kutafuta mahali pasipo na kosa.

HEWA YA WIZI

Hewa yote ya injini yapasa kupita katika kabureta, ipate kuchanganywa na petroli. Hewa iingiayo chini ya kabureta, kwa ufa au kwa gasketi iliyolegea, ni hewa ya wizi: haina petroli. Mchana, mpira ukiwa umepata joto na kulainika, ufa huweza kujifunga. Asubuhi, mpira ukiwa mgumu, ufa huachama. Hapo methali ya wazee isemayo kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta ina maana yake halisi.

Injini ikizunguka polepole, mtu asikilize kama kuna sauti ya kufyonza, kama nyoka apumuaye. Kisha mipira midogo itokayo katika bomba la kuingizia hewa ibanwe mmoja mmoja kwa koleo lililofungwa kitambaa, pamoja na ule mkubwa uendao kwenye breki, gari likiwa limesimama. Mpira ukibanwa na injini ikatulia, kosa liko katika mpira huo au katika kile kilichounganishwa nao. Kwa gasketi, maji kidogo hunyunyizwa juu ya maungio. Mlio wa injini ukibadilika kwa muda, hapo ndipo hewa inapoingilia. Maji yasifike kwenye distribyuta. Wako wanaotumia petroli badala ya maji katika jaribio hili. Jambo hilo limekwisha kuunguza magari, nalo lisifanywe.

CHECHE

Ikiwa mtetemeko ni wa kuchechemea, silinda iliyolala hutafutwa. Katika gari la zamani lenye distribyuta na pointi, waya za plagi hutolewa moja moja injini ikizunguka, kwa koleo lenye mipini ya mpira, na kurudishwa. Waya ya silinda nzima ikitolewa, injini hudhoofika zaidi. Waya ikitolewa na injini isibadilike, silinda hiyo ndiyo iliyolala. Umeme wa hapo ni mkali, wala mtu asishike waya kwa mkono mtupu. Katika magari yenye cheche za elektroniki jaribio hili lisifanywe, maana huweza kuharibu vifaa vya bei kubwa.

Plagi ya silinda hiyo ifunguliwe na kutazamwa. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi ya sufuria ni petroli iliyozidi. Iliyolowa petroli haikupata cheche. Yenye oili ni dalili ya ringi au valvu zilizochakaa. Yenye weupe ni dalili ya hewa iliyozidi. Nafasi ya plagi nayo ipimwe. Katika injini nyingi za pointi ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, lakini kitabu cha gari ndicho kisemacho neno la mwisho. Kisha plagi ihamishiwe silinda nyingine. Kosa likihama pamoja nayo, plagi ni mbovu. Kosa likibaki palepale, plagi haina hatia.

Ukungu ni adui mwingine. Unyevu ukiingia ndani ya kifuniko cha distribyuta, au waya zikiwa na nyufa, umeme hupotea kabla ya kufika kwenye plagi. Jaribio lake ni la usiku: gari liwashwe gizani, boneti ikiwa wazi. Waya mbovu huonekana zikitoa cheche ndogo za samawati. Kifuniko kikaushwe kwa kitambaa safi, na kikiwa na mstari mweusi wa ufa kibadilishwe.

Na betri isisahauliwe. Stata hunyonya umeme mwingi, na betri dhaifu katika baridi huiachia koili umeme kidogo. Cheche huwa dhaifu wakati ule ule inapohitajiwa zaidi. Lakini betri husumbua kuwasha. Injini ikiisha kuwaka na ikaendelea kutetemeka, mtu asikimbilie kununua betri.

PETROLI YENYEWE

Petroli iliyokaa miezi mingi katika tangi hupoteza sehemu zake nyepesi, zile zinazogeuka mvuke katika baridi. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni mbaya zaidi, kwa kuwa mafuta ya taa hutaka joto kubwa kabla ya kuwa mvuke. Uovu huo ulienea hata mwaka 2018 Serikali ya Kenya ikayatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa kila lita, ili faida ya kuyachanganya iondoke. Kama taabu ilianza mara baada ya kujaza tangi mahali pageni, hilo liwe la kwanza kushukiwa. Kichujio cha petroli ni cha bei ndogo, kibadilishwe.

MAJI NDANI YA SILINDA

Majaribio hayo yakiisha na silinda moja ingali imelala, mkandamizo wa silinda hupimwa. Fundi huwa na kipimo chake. Silinda zote zapasa kukaribiana. Moja ikipungua kuliko nyingine kwa zaidi ya asilimia 15, kuna kasoro. Hapo kijiko cha oili hutiwa katika silinda hiyo na kupima tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechakaa. Kisipopanda, valvu haifungi au gasketi ya kichwa imeungua.

Gasketi hiyo ina dalili yake maalumu. Gari likizimwa jioni, maji yenye shinikizo hupenya polepole na kuingia katika silinda usiku. Asubuhi injini huwaka kwa silinda tatu, hutoa moshi mweupe mzito, kisha baada ya dakika moja au mbili hutulia. Plagi moja huonekana imelowa maji, na rejeta hupungua bila kuvuja nje. Mwenye gari akiona mambo hayo pamoja, asiendelee kulitumia gari kwa kuwa tu linatulia baadaye. Gasketi ikibadilishwa mapema ni kazi ya siku moja au mbili. Ikiachwa, injini nzima huweza kuharibika. Rejeta isifunguliwe ikiwa moto.

THAMOSTATI NA NCHI YA JUU

Kuna desturi moja iliyoenea ambayo yapasa kuachwa. Gari likichemsha maji, mafundi wengine huiondoa thamostati na kuitupa. Thamostati ni mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Ikiondolewa, injini hukaa baridi muda mrefu. Choki hukaa imevutwa, petroli huosha oili katika kuta za silinda, na mtetemeko wa dakika tatu huwa wa nusu saa. Kadhalika bomba liletalo hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi hadi kichujio cha hewa lisiondolewe. Katika ukungu wa milimani, unyevu huweza kuganda barafu ndani ya kabureta hata kama nje hakuna barafu. Gari la namna hiyo huwaka vizuri, huzimika baada ya mwendo mfupi, na likisimama dakika chache huwaka tena, maana barafu imeyeyuka.

Mwinuko wa nchi pia una neno. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja katika tano. Kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli nyingi mno bara, na plagi huwa nyeusi. Gari linalohama lipimwe upya.

MAGARI YASIYO NA KABURETA

Magari mengi ya miaka ya 1990 na baadaye hayana kabureta wala choki. Kompyuta ndogo hupima joto la maji kwa kifaa kilichomo ndani ya injini, na kuamuru petroli iongezwe. Kifaa hicho kikiharibika na kusema kwamba injini ni ya moto ilhali ni baridi, petroli haiongezwi, na mtetemeko ni ule ule. Mlango wa hewa ulioziba kwa masizi huleta taabu kama hiyo. Hata hivyo taratibu haibadiliki: hewa ya wizi, plagi na mkandamizo hupimwa kwanza, kisha fundi mwenye kipimo cha umeme hukikagua kifaa hicho kikiwa baridi na kikiwa moto kabla ya kununua kingine.

MAMBO YA HATARI

Injini isiwashwe ndani ya nyumba au banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua mtu kabla hajatambua. Petroli isimiminwe katika mdomo wa kabureta wakati stata inazunguka. Injini ikipiga moto nyuma, mwenye chupa ndiye aunguaye. Nguo ndefu, skafu na tai viwekwe mbali na feni.

Kwa ufupi, gari lilale. Lisikilizwe likiwa baridi. Choki ijaribiwe kwanza, kisha mipira, kisha plagi na waya, kisha petroli, na mwisho mkandamizo. Kila mara jambo moja tu libadilishwe, na matokeo yake yatazamwe asubuhi inayofuata, maana mtu abadilishaye mambo matatu kwa siku moja hajui ni lipi lililoponya. Fundi akimwambia mwenye gari anunue kitu, na aulizwe kwa adabu ni jaribio gani lililoonyesha kwamba kitu hicho ni kibovu. Fundi mwema hatachukia kuulizwa. Ataonyesha mpira wenye ufa au plagi nyeusi, na kazi itaendelea.